Safari ya Kwanza ya Ndege Hukwamia Ardhini: Kutoka Dar es Salaam Hadi Frankfurt

Anayejiandaa kupanda ndege kwa mara ya kwanza huogopa anga. Huuliza ikitikisika itakuwaje, masikio yataziba au la, choo cha huko juu kinafanyaje kazi. Ni maswali ya haki, na majibu yake yapo hapa chini. Lakini safari nyingi zinazoharibika huharibikia ardhini: kwenye saa iliyosomwa vibaya, jina lililokosewa herufi moja, kilo nne zilizozidi, au barua muhimu iliyofungiwa ndani ya sanduku ambalo limeshashika njia yake kwenye mkanda wa mizigo.

Tuchukue safari moja halisi ili tusiongee hewani: Dar es Salaam hadi Frankfurt, Ujerumani, kwa kupitia Doha, Qatar, kwa mtu mwenye viza ya matembezi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Anayetokea Nairobi, Entebbe au Kilimanjaro atakuta majengo mengine, ila mpangilio ni ule ule.

Saa na tarehe

Naanza na saa kwa sababu kosa hili ni letu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Ukiona 08:40, hiyo ni saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Mtu aliyesoma tarakimu harakaharaka hujiambia "saa nane", akafika uwanjani mchana, ndege ikiwa imeondoka tangu asubuhi. Na 02:40 ni saa nane na dakika arobaini usiku, si saa mbili. Kanuni ni hii: kuanzia 07 hadi 18 toa sita, kuanzia 19 hadi 23 toa kumi na nane, kuanzia 00 hadi 06 ongeza sita. Kisha iandike saa hiyo kwa maneno kwenye karatasi, pamoja na "asubuhi" au "usiku", na umpe dereva atakayekupeleka.

Tarehe ni mtego mkubwa zaidi. Kwa mazoea ya pwani, siku huanza jua linapozama, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa yenyewe. Wengine wakisema usiku wa Ijumaa wanamaanisha Ijumaa baada ya magharibi. Tiketi haifuati hesabu hizo. Kwake siku hubadilika saa sita kamili usiku. Ndege ya 00:25 tarehe 15 huondoka usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo saa tatu na nusu usiku wa tarehe 14 unatakiwa uwe umeshafika uwanjani. Anayekwenda usiku wa tarehe 15 amechelewa siku nzima, na tiketi za bei nafuu mara nyingi hazirudishiwi fedha.

Kumbuka pia kwamba kila saa kwenye tiketi ni saa ya mji husika. Doha na Dar hazitofautiani. Frankfurt iko nyuma yetu kwa masaa mawili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kama tiketi ya Januari inasema unatoka Doha 01:30 na kufika Frankfurt 06:00, hutakaa hewani masaa manne na nusu. Utakaa sita na nusu. Dar hadi Doha ni kama masaa sita mengine.

Jina, viza na karatasi

Jina la kwenye tiketi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. "Ally" na "Ali" ni mtu mmoja mtaani, lakini kwenye kaunta ni watu wawili. Kagua siku ile ile wakala anapokutumia tiketi. Kosa likigunduliwa mapema hurekebishwa kwa urahisi, likigunduliwa masaa mawili kabla ya safari linaweza kukulazimu kununua tiketi mpya. Kagua na muda wa pasipoti. Sheria ya Schengen inataka ibaki na miezi mitatu baada ya siku utakayotoka kwao, ila nchi nyingi nyingine hutaka sita, kwa hiyo jizoeze kuhesabu sita.

Stika ya viza ina mambo matatu ambayo watu huyachanganya: tarehe ya kuanza na kuisha, idadi ya siku za kukaa, na idadi ya mara za kuingia. Viza ya kuanzia 1 Juni hadi 15 Julai yenye siku 15 haikupi mwezi mmoja na nusu. Inakupa siku 15 utakazozichagua ndani ya kipindi hicho, na siku ya kufika na siku ya kuondoka zote zinahesabiwa. Ikiwa na mara moja tu ya kuingia, ukitoka kwenda London kumsalimu shangazi huwezi kurudi Frankfurt kwa viza hiyo, kwa sababu Uingereza haimo katika Schengen.

Anayekukagulia viza kwanza si Mjerumani. Ni mfanyakazi wa kaunta ya shirika la ndege hapa Dar. Shirika likimpeleka mtu asiye na viza halali hutozwa faini na kulazimika kumrudisha, ndiyo maana mfanyakazi yule huwa mkali kuhusu tarehe. Usimwone mbaya, mpe pasipoti na karatasi zako bila kusubiri aombe.

Kwa ndugu zetu wenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuna sharti la ziada. Wao huhitaji viza ya kupitia hata kama wanabadilisha ndege tu ndani ya uwanja wa nchi ya Schengen, isipokuwa wawe na viza au kibali cha ukaazi kinachowasamehe. Wengi hulijua hilo wakiwa wameshanunua tiketi ya kupitia Brussels au Paris.

Karatasi zenyewe ni bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, barua ya mwenyeji au uthibitisho wa hoteli, tiketi ya kurudi, na ushahidi wa fedha za kujikimu. Uliziwasilisha ubalozini, ndiyo, lakini afisa wa mpakani ana haki ya kuziomba upya. Ziweke kwenye begi la mkononi. Sanduku lako kubwa wakati huo liko upande wa pili wa dawati la afisa huyo, na huwezi kulifikia mpaka akuruhusu kupita.

Kilo, chupa na betri

Angalia tiketi yako imeandika nini kuhusu mizigo. "2PC" maana yake ni mizigo miwili, kwa kawaida ya kilo 23 kila mmoja. "30K" maana yake ni jumla ya kilo 30, iwe sanduku moja au mawili. Tofauti hii huwagharimu watu fedha: mwenye 2PC akija na sanduku la kilo 27 na jingine la 19, jumla yake ni 46 kama anavyoruhusiwa, lakini lile la 27 litatozwa. Ndiyo unawaona watu wamepiga magoti mbele ya kaunta wakihamisha madaftari na viatu huku foleni nzima ikiwatazama. Sanduku moja lisipite kilo 32 hata ukiwa tayari kulipia, maana wapakiaji hulinyanyua kwa mikono. Pima nyumbani: panda kwenye mizani ukiwa umelibeba, kisha bila kulibeba, toa. Begi la mkononi kwenye mashirika mengi ya Ghuba na ya Afrika ni kilo 7.

Vimiminika ndani ya begi la mkononi visizidi mililita 100 kwa chupa, vyote vikiwa ndani ya mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani, wa ujazo wa lita moja. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani yake. Chupa ya mililita 250 yenye losheni ya kufunika kitako tu itatupwa. Na neno "kimiminika" hapa ni pana: dawa ya meno, mafuta ya mgando, asali, achari na siagi ya karanga vyote vimo. Sharti hili lilizaliwa mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kuvunja njama ya kulipua ndege kwa milipuko ya majimaji. Viwanja vingine vyenye mashine mpya vimeanza kulilegeza, lakini anayebadilisha ndege afuate kiwanja kikali kuliko vyote njiani.

Pawabenki huwekwa begi la mkononi, kamwe isiwekwe kwenye sanduku. Betri ya lithiamu ikishika moto mbele ya wahudumu watauzima. Ikishikia kwenye shehena chini hakuna mtu wa kuifikia. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Zidisha mAh, namba ya ujazo iliyoandikwa kwenye pawabenki, kwa 3.7, gawa kwa 1000: ya 20,000 hutoa 74, inapita. Iliyofutika maandishi huweza kuchukuliwa, hata iwe ndogo. Baadhi ya mashirika sasa yanakataza kuitumia ukiwa angani, kwa hiyo jaza simu kabla ya kupanda. Beba na kigeuzi cha plagi, maana pini zetu tatu za mraba haziingii kwenye tundu mbili za duara za Ujerumani. Umeme wenyewe hauna tatizo, wote ni volti 230.

Zawadi za kupeleka

Hapa ndipo penye moyo wa Mswahili, na hapa ndipo penye hasara. Umoja wa Ulaya haukubali msafiri kutoka kwetu kuingiza nyama wala vyakula vya maziwa. Sambusa za nyama, samli na nyama ya kukausha vyote vitatupwa, na usipovitaja unaweza kutozwa faini. Samaki wanakubalika hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa na ng'onda hawana shida, mradi samaki mbichi awe ametolewa matumbo, na wote wafungwe vizuri wasinukie nguo. Asali ni hadi kilo mbili. Matunda mengi, embe likiwemo, hutaka cheti cha afya ya mimea. Yasiyotaka ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Dada aliyekaa Hamburg miaka kumi akikuomba embe dodo, mpelekee nazi na umweleze.

Miraa au mirungi usiiguse. Kenya ni zao halali, Ujerumani ni dawa ya kulevya, na Uingereza pia tangu 2014. Matumbawe na baadhi ya makombe ya baharini yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini, hata kama umeyaokota mwenyewe ufukweni. Dawa za hospitali ziache kwenye pakiti zake na ubebe barua ya daktari, hasa zile kali za maumivu, kwa sababu nchi za Ghuba ni kali sana juu yake.

Na mzigo wa mtu mwingine? Kama hukuufungua ukaona kila kilichomo, usiubebe. Kaunta watakuuliza kama umefunga mizigo yako mwenyewe, na jibu lako ndilo litakalokufunga wewe. Ni vigumu kumkatalia jirani aliyekuja na kifurushi saa moja kabla ya safari. Mkatalie.

Uwanjani

Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2019, ndilo la safari za kimataifa. Fika masaa matatu kabla. Kaunta kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na ikishafungwa, kuiona ndege kwa macho hakukusaidii. Mlangoni kuna ukaguzi wa kwanza: mkanda, saa, simu na sarafu kwenye trei, mara nyingine na viatu. Wasindikizaji huishia nje, kwa hiyo maagano marefu yafanyike nyumbani.

Kwenye kaunta utapewa pasi mbili za kupandia, ya Dar–Doha na ya Doha–Frankfurt, na kila sanduku litavalishwa lebo. Isome lebo kabla sanduku halijaondoka. Inatakiwa iandikwe FRA, yaani Frankfurt. Ikiishia DOH uliza hapo hapo. Kipande kidogo cha lebo watakachokubandikia kwenye pasi kitunze kama fedha, ndicho hati yako ya kudai sanduku likipotea. Ila kama ulinunua tiketi mbili tofauti ili kubana matumizi, sanduku linaweza kuishia Doha na kukulazimu kuingia nchini kulichukua na kulikabidhi upya. Na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wowote kwako. Kwa safari ya kwanza, tiketi moja ni bora hata ikizidi bei.

Baada ya hapo ni uhamiaji, muhuri wa kutoka, ukaguzi wa pili, kisha geti. Saa ya kutazama kwenye pasi ni ile ya kupanda, si ya kuondoka. Geti hufungwa kama dakika 15 au 20 kabla. Namba ya geti hubadilika, itazame kwenye skrini.

Hewani

Kiti ni namba ya safu na herufi. Mkanda wa kiti hufunguliwa kwa kuinua kifuniko cha chuma, si kwa kubonyeza kama wa gari. Jambo hilo dogo huwababaisha watu wakati wa dharura, kwa hiyo lijaribu mara mbili ukiwa umetulia. Hesabu pia safu kati yako na mlango ulio karibu, mbele na nyuma, kwa sababu moshi ukijaa utahesabu kwa mikono.

Maelezo ya usalama yasikilize, hasa kuhusu jaketi la kuokolea: hujazwa upepo ukiwa umeshatoka mlangoni. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175, 125 walikufa. Miongoni mwao walikuwemo waliojaza majaketi wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia yaliwanyanyua hadi darini na hawakuweza kupiga mbizi kuufikia mlango. Ilitokea kwenye bahari yetu, na ndiyo sababu wahudumu wanalirudia neno hilo kila safari.

Ndege ikishanyanyuka utasikia kishindo chini ya miguu: magurudumu yanaingia tumboni. Muda mfupi baadaye ngurumo ya injini hupungua na mwili huhisi kama mnashuka. Hamshuki. Rubani amepunguza nguvu za kurukia, na ndege inaendelea kupanda polepole zaidi. Hakuna sauti inayowatisha wageni kama kule kunyamaza kwa injini, na ni kawaida ya kila ndege.

Mtikisiko hutokana na hewa kutokwenda kasi moja, na karibu na Ikweta mawingu makubwa ya mvua huuongeza. Mabawa huonekana yakipinda, yametengenezwa yapinde. Wanaoumia karibu wote ni wale ambao hawakufunga mkanda, basi uache umefungwa hata taa ikizimwa.

Masikio huziba zaidi wakati wa kushuka. Ndani ya ndege hewa hushindiliwa hadi kiasi cha mtu aliye kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na mkishuka shinikizo huongezeka haraka kuliko mrija wa sikio unavyofunguka. Meza mate, piga miayo, tafuna pipi. Ikishindikana bana pua, funga mdomo, pulizia taratibu. Mtoto apewe ziwa au chupa. Mwenye mafua makali amwone daktari kabla ya safari, maana maumivu yake si madogo.

Choo hunyonya kwa upepo na kwa kelele kubwa, na hakina mpira wa maji. Aliyezoea kutawadha na kujisafisha kwa maji aende na chupa tupu ya kujazia kwenye sinki. Chakula cha mashirika ya Ghuba ni halali chote. Kwenye mashirika mengine mlo wa Kiislamu huagizwa angalau masaa 24 kabla, na ombi likiandikwa utaliona kama MOML. Hewa ni kavu sana, kunywa maji mara kwa mara, na kila baada ya masaa mawili simama utembee ili damu isigande miguuni.

Doha

Fuata mabango ya kubadilisha ndege, si ya kuingia nchini. Kuna ukaguzi tena, hivyo maji uliyobeba kutoka Dar yatamwagwa; baki na chupa tupu uijaze mbele. Manukato uliyonunua duka lisilo na ushuru yaache kwenye mfuko wake uliofungwa pamoja na risiti mpaka mwisho wa safari. Katikati ya uwanja kuna dubu mkubwa wa njano mwenye taa kichwani. Mkiwa kundi, ahidianeni kukutana hapo. Usilale kabla ya kulifikia geti lako na kulitambua, na ukilala, lala hapo hapo na kengele ya simu.

Frankfurt

Dawati la pasipoti ndilo linalotetemesha watu, na maswali yake ni manne: umekuja kufanya nini, unakaa siku ngapi, unalala wapi, una fedha kiasi gani. Jibu kwa kifupi na lifanane na karatasi. "Namtembelea kaka yangu, siku kumi na mbili, anwani hii hapa" inatosha. Anayesema "natembea" huku barua yake ni ya mkutano wa biashara amejitafutia chumba cha mahojiano. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kusajili wageni kwa mfumo wa kielektroniki unaochukua nafasi ya mihuri: watakupiga picha ya uso, na vidole vyako vitalinganishwa na alama ulizotoa ulipoomba viza. Siku zako zinahesabiwa na kompyuta.

Sanduku lisipotokea, usitoke ukumbini. Nenda dawati la mizigo na kile kipande cha lebo, waandike ripoti, na uondoke na namba yake. Kwa mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, sanduku lililovunjika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, na lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea. Ndiyo sababu nguo za siku mbili na dawa zote hukaa begi la mkononi.

Na wakati wa kurudi ujue haki moja ambayo wengi wetu hatuidai: ndege yoyote inayoondoka Umoja wa Ulaya, hata ya shirika la nje, ikikufikisha mwisho wa safari ndefu kama hii kwa kuchelewa masaa manne au zaidi kwa kosa la shirika, unastahili euro 600.

Kwenye forodha kuna njia ya kijani kwa asiye na cha kutaja na nyekundu kwa mwenye nacho. Fedha taslimu za euro 10,000 au zaidi ni lazima zitajwe.

Treni za mjini, S8 na S9, ziko chini ya Jengo la Kwanza, na hufika kituo kikuu kwa robo saa hivi. Hakuna geti la kukuzuia kupanda bila tiketi, na mgeni hudhani ni bure. Wakaguzi hupanda wakiwa na nguo za kiraia na faini ni euro 60, hata ukisema hukujua. Nunua kwenye mashine kabla ya kushuka ngazi, uchague kituo kinachoitwa Hauptbahnhof. Ukiwa kwenye kiti cha treni saa 07:30 ya baridi ya Januari, Dar ni saa tatu na nusu asubuhi, wameshaamka, wapigie.